Makaroni ya Kuoka: Trei Moja, Vipande 20



Katika somo hili tutajifunza kupika makaroni ya kuoka, yaani makaroni yenye mchuzi wa nyama ya kusaga katikati na jibini juu. Pengine mtu atauliza, kwani tumekosa pilau? Kwani githeri imekuwa na ubaya gani? Haina ubaya wowote, na hatusemi muiache. Lakini kuna jambo moja ambalo pilau na githeri haziwezi kuwafanyia, na hilo ndilo limetufanya tuandike somo hili.

Vikundi vyetu vingi, hasa vya kina mama, hupata pesa kwa kupikia watu. Mnaitwa kwa harusi, kwa siku ya wazazi shuleni, kwa semina ya siku moja, kwa harambee. Mnaamka saa kumi usiku, mnachota maji, mnapika mpaka macho yanakuwa mekundu kwa moshi. Jioni mweka hazina anahesabu pesa, na faida haionekani. Chakula kiliisha kabla ya watu kwisha. Wale wa kwanza walipata nyama vipande vitano, wale wa mwisho wakapata supu na pole. Ikabidi mtu atumwe dukani mbio anunue mikate kwa pesa za kikundi.

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja anamshuku mwenzake, mwingine anasema nyama ililiwa jikoni. Mara nyingi hakuna aliyeiba kitu. Shida ni mwiko. Mkono wa anayepakua haulingani asubuhi na jioni. Akiona mzee wa heshima anaongeza, akimwona shemeji yake anaongeza tena, akiona sufuria inaanza kuonyesha chini anaanza kubana. Pilau haina mstari wa kumwambia mpakuaji "hapa ndipo mwisho wa sahani moja".

Chakula cha trei hukatwa. Mkikata trei vipande 20, mmelisha watu 20, si 17 wala 23, na kila mmoja amepata nyama sawa na jirani yake. Mnajua gharama ya kipande kimoja kabla ya kuwasha moto. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, kuliko hata utamu.

Chakula hiki kimetoka wapi

Asili yake ni Italia. Waitaliano hukiita pasta al forno, maana yake pasta ya oveni. Wagiriki nao wana chao, pastitsio, ambacho huwekwa juu tabaka nene la mchuzi mweupe wa maziwa. Njia tutakayofundisha hapa inafanana zaidi na hiyo ya Wagiriki, kwa sababu mchuzi mweupe unashikamana vizuri na kukatika vizuri, na maziwa tunayo nyumbani.

Wala pasta si kitu kigeni hapa Kenya. Kusini mwa Somalia kulitawaliwa na Waitaliano hadi 1941, na tena wakasimamia nchi hiyo kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kutoka 1950 hadi 1960. Wasomali wakaifanya pasta kuwa chakula chao kabisa. Wanaiita baasto, na mchuzi wake wa nyama wanauita suugo, neno lililotoka kwa Kiitaliano sugo. Ukienda Garissa, Wajir, Mandera au Eastleigh utaipata katika hoteli nyingi, na huenda ukawekewa ndizi mbivu kando ya sahani. Malindi vilevile, ambako Waitaliano wengi wamekaa miaka mingi, wapishi wa mahoteli wanaijua kama wanavyojua wali wa nazi. Kwa hivyo mkienda kutafuta oda msione haya. Wateja wengine wataijua kuliko nyinyi.

Vitu vinavyohitajika

Vipimo hivi ni vya trei moja ya bati yenye upana wa sentimita 30, urefu wa sentimita 40 na kina cha sentimita 7. Fundi wa mabati sokoni anaweza kuitengeneza. Mwambieni asitumie bati la kuezekea nyumba. Bati hilo limepakwa zinki, na si la kuwekea chakula, hasa chenye nyanya. Atumie bati jeusi la kuokea mikate, au alumini.

Makaroni kilo 1. Nyama ya ng'ombe ya kusaga kilo 1. Ndengu kavu kikombe kimoja. Nyanya zilizoiva kilo 1. Vitunguu nusu kilo. Karoti kubwa 3, hoho 2, kitunguu saumu kichwa kimoja, dania fungu moja. Mafuta ya kupikia nusu kikombe. Maziwa lita 3 na nusu (lita 2 ni za kutengeneza jibini, lita moja na nusu ni za mchuzi mweupe). Ndimu au limau 3. Majarini gramu 120, yaani karibu nusu ya mkebe wa robo kilo. Unga wa ngano gramu 120, ambao ni karibu kikombe kimoja. Mayai 2. Jibini ya dukani aina ya cheddar gramu 200. Chumvi na pilipili manga.

Mkinunua makaroni, someni pakiti. Pasta nzuri hutengenezwa kwa ngano ngumu inayoitwa durum. Rangi yake ni ya manjano kama kaharabu na ukiivunja inalia "ta!" Ile nyeupe ya ngano laini huwa bei rahisi, lakini ikiingia maji na baadaye oveni inageuka uji. Mtakuwa mmeokoa shilingi 20 na kupoteza trei nzima.

Nyama nunueni ya kipande, isiyo na mfupa, yenye muhuri wa mkaguzi wa nyama, na isagwe mkiangalia. Msinunue iliyokwisha kusagwa asubuhi ikakaa. Sababu ni hii: kipande kizima kina vidudu nje tu, ndani ni safi. Ukikisaga, ule uchafu wa nje unachanganyika mpaka katikati, na nyama inaharibika upesi sana. Kama mashine ya bucha haipendezi macho, chukueni kipande chenu nyumbani mkikatekate kwa kisu kikali. Kazi ni ndefu lakini nyama huwa tamu zaidi. Na kama mnapikia watu wa dini mbalimbali, nyama itoke kwa bucha inayochinjwa na Mwislamu, ili jirani asiwekwe kando siku ya sherehe.

Kuhusu ndengu, wengine watasema tunapunja wateja. Hapana. Ndengu ikichemshwa ikaiva na kupondwa kidogo, huongeza uzito wa mchuzi na huongeza protini, na ladha ya nyama bado inatawala. Lakini mteja aambiwe. Mkiulizwa kuna nini ndani, semeni nyama na ndengu.

Jibini ya nyumbani

Jibini, ambayo wengi wetu twaiita chizi, ndiyo bei ghali katika chakula hiki. Kwa hivyo tunaigawa mara mbili: ya dukani kidogo kwa juu, na ya kutengeneza wenyewe kwa ndani.

Chukueni lita 2 za maziwa freshi na kuyachemsha mpaka yapande. Jambo hili tunalikazia. Maziwa mabichi yanaweza kubeba homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Brusela humtesa mtu miezi mingi, homa inakuja na kwenda, viungo vinauma, anatibiwa malaria kila mara na haponi. Kuna watu wanaosema jibini ya maziwa mabichi ni tamu zaidi. Katika kazi ya kulisha watu wa nje, msiwasikilize.

Yakishachemka, epueni, ngojeni dakika mbili tatu, kisha mimineni maji ya ndimu polepole, karibu vijiko 6 vya mezani, huku mkikoroga taratibu. Mtaona maziwa yanakatika: mabonge meupe yanapanda na maji ya rangi ya kijani-manjano yanabaki. Maji yakiwa bado meupe, ongezeni ndimu kidogo. Chujeni kwa kitambaa safi kilichochemshwa, fungeni, ning'inizeni nusu saa. Mtapata kama gramu 250 hadi 300. Tieni chumvi kijiko kimoja cha chai. Yale maji msiyamwage, yanafaa kukandia chapati au kupikia uji.

Sasa, mfahamu kwamba jibini hii haiyeyuki. Hata muiweke motoni saa nzima itabaki chembe chembe. Jibini ya dukani kama cheddar iligandishwa kwa kimeng'enya, kile ambacho zamani kilitolewa kwa tumbo la ndama, na ndiyo maana ikipata moto inalegea na kuvutika. Yetu imegandishwa kwa asidi na moto, ikashikana kwa namna nyingine. Kwa hivyo msiweke ya nyumbani peke yake juu mkingojea ivutike kama kwa picha. Mahali pake ni ndani, katikati ya makaroni, ambako inaleta utamu na unyevu.

Mchuzi wa nyama

Ndengu ichemshwe kwanza mpaka iwe laini, maana ikishaingia kwenye nyanya haitaiva tena vizuri. Asidi ya nyanya huizuia kulainika.

Kaangeni nyama katika sufuria pana yenye moto mkali, bila kuikoroga sana. Mkiijaza yote kwa wakati mmoja katika sufuria ndogo itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na rangi itakuwa ya kijivu. Kaangeni mara mbili kama ni lazima. Ikishapata rangi ya kahawia, itoeni. Katika mafuta yaleyale tieni vitunguu na karoti zilizokatwa ndogo sana, moto mdogo, dakika 10 mpaka vitunguu viwe laini. Halafu saumu na hoho. Rudisheni nyama, tieni nyanya zilizopondwa, chumvi kiasi, pilipili manga. Funikeni, acheni ichemke polepole dakika 40. Ndengu iingie dakika 10 za mwisho, na dania mwisho kabisa.

Mchuzi uwe mzito lakini si mkavu. Mkipitisha mwiko chini ya sufuria, njia ionekane kisha ijifunge polepole. Kumbukeni makaroni yatakunywa maji zaidi yakiwa ndani ya oveni. Watu wengi wanaopika chakula hiki kwa mara ya kwanza hupata trei kavu inayokwama kooni, na sababu ni mchuzi uliokauka kabla ya kuingia trei.

Makaroni na mchuzi mweupe

Vitabu vya upishi husema kilo moja ya makaroni ipikwe kwa lita 10 za maji. Pahali ambapo maji hubebwa kwa punda hatuwezi kusema hivyo bila kucheka. Lita 6 zinatosha, bora maji yawe yanachemka kwa nguvu kabla ya kutia makaroni, na mtu akoroge dakika mbili za kwanza ili yasishikane. Tieni chumvi vijiko 3 vya mezani, vilivyosawazishwa.

Hapa kuna siri moja. Pakiti ikisema dakika 9, toeni dakika ya 6. Ukiuma moja, katikati bado iwe ngumu kidogo. Itamalizia kuiva ndani ya oveni. Makaroni yaliyoiva kabisa kwenye maji yataiva mara ya pili kwenye oveni, na hapo mtakata uji badala ya vipande. Chujeni, wekeni pembeni kikombe kimoja cha yale maji mazito, na mchanganye makaroni mara moja na kijiko cha mafuta.

Mchuzi mweupe ndio huwatia watu woga, ati unafanya mabonge. Yeyusheni majarini kwa moto mdogo, tieni unga wote, korogeni dakika 2 au 3 mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Msiuache ubadilike rangi. Epueni. Tieni maziwa kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, mkikoroga mpaka kila kikombe kilainike kabla ya kingine. Mabonge hutokea mtu akiwa na haraka tu. Rudisheni motoni, korogeni bila kuacha hadi ichemke na kuwa nzito kama uji wa mtoto. Maziwa yawe ya siku hiyo. Ya jana jioni yakiwa yameanza kuchacha kidogo tu, hata kama ulimi haujasikia, yatakatika motoni. Mkiwa na wasiwasi, chemsheni kikombe kimoja peke yake kwanza.

Mchuzi ukishapoa kiasi cha kuvumilika na kidole, pigeni mayai 2 na kuyachanganya humo. Mayai ndiyo yanayofanya kipande kisimame kikikatwa. Chumvi iwe kidogo, kwa sababu jibini ya dukani ina chumvi yake.

Kupanga trei

Pakeni trei majarini. Changanyeni makaroni na vikombe viwili vya mchuzi mweupe pamoja na jibini ya nyumbani. Nusu ya makaroni iende chini. Juu yake mchuzi wa nyama wote, usawazishwe hadi kwenye pembe. Tunarudia, hadi kwenye pembe. Kama nyama imerundikana katikati, wale wa pembeni watakula makaroni matupu na kile tulichosema juu ya usawa kitakuwa maneno tu. Kisha makaroni yaliyobaki. Toboeni toboeni kwa uma, mmimine mchuzi mweupe uliobaki, ukipenya chini. Mkiona kumekauka, nyunyizeni yale maji ya makaroni. Mwisho cheddar iliyokwaruzwa, itandazwe juu kote.

Kama hamna oveni

Vikundi vinavyooka mikate vina oveni ya udongo au ya pipa, na hiyo inafaa sana. Trei iingie baada ya mikate kutoka, moto ukiwa umetulia. Kinachotakiwa ni nyuzijoto 180 hivi. Bila kipimo, wekeni kijiko kimoja cha unga wa ngano juu ya kifuniko cha mkebe, kiingie ndani dakika 5. Unga ukibaki mweupe, moto hautoshi. Ukiwa rangi ya chai ya maziwa, ni sawa. Ukiwa rangi ya kahawa, acheni mlango wazi kidogo mpaka upungue.

Wasio na oveni watumie sufuria mbili. Sufuria zetu hazina mikono, kwa hivyo ndogo huingia ndani ya kubwa bila taabu. Wekeni mchanga mkavu wa kimo cha vidole viwili ndani ya sufuria kubwa, mawe matatu madogo yanayolingana juu ya mchanga, na sufuria ndogo yenye chakula juu ya mawe. Funikeni ile kubwa kwa sinia la bati au kifuniko kisicho na plastiki, na juu yake makaa yaliyowaka. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini: kama mna koleo 3 za makaa, 2 juu na 1 chini. Wengi huweka yote chini. Chakula kinaungua chini na juu kinabaki cheupe kama kilivyoingia.

Sufuria ya ndani ikiwa na upana wa sentimita 28, tumieni nusu ya vipimo vyote na mtapata vipande 10. Kateni katikati kwanza, halafu kila nusu igawanywe vipande vitano.

Muda ni dakika 35 hadi 45. Juu pawe na madoa ya kahawia, na kingo ziwe zinatokota. Sasa fanyeni lile jambo gumu kuliko yote: ngojeni. Trei ikae dakika 20 kabla ya kisu kugusa. Ikikatwa moto, inamwagika kama mchuzi. Ikitulia, inakatika kama keki. Kwa trei yetu, kateni upande wa sentimita 30 mara nne na upande wa 40 mara tano. Chukueni rula ya mtoto wa shule, ama uzi, mpime. Kila kipande kitakuwa na uzito wa kama gramu 300, na ndani yake nyama ya gramu 50 kabla ya kupikwa. Kwa kando wekeni kachumbari au sukuma wiki, mtu atashiba.

Kiporo

Hapa hatutapunguza maneno. Nyama, maziwa, mayai na makaroni katika trei moja ni chakula ambacho vidudu wanakipenda kama sisi. Vidudu hao huongezeka upesi chakula kikiwa vuguvugu, kati ya nyuzijoto 5 na 60. Chakula kikikaa hivyo zaidi ya saa 2, hatari imeanza. Na msifikiri kupasha moto kunamaliza kila kitu. Wako vidudu wa makaroni na wali ambao huacha sumu, na sumu ile haifi kwa moto wa jikoni. Vilevile mpishi mwenye kidonda au jipu mkononi anaweza kutia vidudu wengine wenye sumu isiyokufa. Huyo apewe kazi ya kupokea wageni au ya kuandika risiti, asiguse chakula.

Kwa hivyo, trei iokwe karibu na saa ya kula, na ikiwezekana ipelekwe mbichi, iokwe palepale penye sherehe. Kama mnaibeba ikiwa imeiva, ifunikwe foili na kuzungushwa blanketi safi ndani ya kikapu, na iliwe ikiwa bado moto. Mchuzi wa nyama ukipikwa jana usiku bila friji, usitumike. Ndiyo, tunajua ni kazi kuamka mapema. Lakini watu 80 wakiharisha baada ya harusi, hakuna mtu kata nzima atakayewaita tena, na pengine kuna mtoto au mzee ambaye hataamka.

Vipande vilivyobaki bila friji viliwe siku hiyo na wapishi, ama vigawiwe mapema. Visirudi nyumbani kuwa kifungua kinywa.

Hesabu

Bei hubadilika, kwa hivyo namba zifuatazo ni za mfano tu. Chukueni daftari mweke bei za soko lenu.

Tuseme nyama ni shilingi 650, makaroni 300, maziwa 210, jibini ya dukani 280, nyanya na mboga zote 250, ndengu 40, majarini na unga na mayai na mafuta 190, ndimu na chumvi na viungo 30, makaa 120. Jumla 2,070. Ongezeni nauli na posho ya wapishi 230. Sasa ni 2,300. Gawanyeni kwa 20, kipande kimoja kimewagharimu shilingi 115. Mkiuza 150, mtaingiza 3,000 na kikundi kitabaki na 700.

Sasa angalieni mwiko unavyokula pesa. Tuseme chakula hichohicho kingepakuliwa kwa kukadiria, zikatoka sahani 17 badala ya 20. Mapato ni 2,550, faida 250. Zikitoka sahani 15, mapato ni 2,250, na kikundi kimelipa shilingi 50 kutoka mfukoni ili kipate ruhusa ya kuamka saa kumi usiku. Hakuna aliyeiba. Ni nyongeza ndogo ndogo za ukarimu, vijiko viwili hapa, vijiko vitatu pale.

Mzee akihitaji kuheshimiwa, na aheshimiwe. Lakini apewe vipande viwili vilivyoandikwa katika daftari, na anayemwalika avilipe viwili.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kazi yenu ya mwisho ya kupikia watu, mlipanga kulisha wangapi na walikula wangapi? Kama hamjui, nani angepaswa kujua?

2. Bei ya jibini ya dukani ikipanda sana, mtapunguza nini katika trei bila kumdanganya mteja? Fikirieni pia kiasi cha ndengu: mnaweza kufikia kipimo gani kabla ladha ya nyama kupotea? Jaribuni, msikisie.

3. Nani katika kikundi chenu atakuwa na mamlaka ya kusema "chakula hiki kisipelekwe" hata kama mteja anangoja na gari liko nje?

4. Zoezi: kabla ya kupokea oda yoyote, okeni nusu ya vipimo kwa sufuria mbili, siku ya mkutano wenu wa kawaida. Kila mwanachama achangie gharama ya kipande chake. Mmoja aandike saa ya kuwasha makaa, saa ya kuepua na kiasi cha makaa yaliyotumika. Pimeni kila kipande kwa mizani ya duka, mwone kikubwa na kidogo vimepishana kwa gramu ngapi.